MSHAHARA WA MWENZI HAUFUTI HAKI YA MGONJWA

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na jumuiya ndogo ndogo



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo katika familia zetu huzungumzwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi halizungumzwi kabisa. Mfanyakazi anapougua akashindwa kwenda kazini, na mwenzi wake wa ndoa angali anafanya kazi, je, mgonjwa huyo ana haki ya kudai malipo na mafao yake? Au aone haya na kunyamaza, kwa kuwa nyumbani kuna mshahara mmoja unaoingia?

Nianze kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya parokia iliyogawa msaada kwa wagonjwa. Mwenyekiti wa jumuiya moja alituletea jina la baba aliyekuwa fundi mitambo, ambaye kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia. Mimi ndiye niliyesema, "Mke wake ni mwalimu. Hawa wana mshahara. Tumpe mwingine." Wenzangu walikubali, jina likafutwa, tukaendelea na ajenda iliyofuata.

Baada ya miezi kama mitano nilikwenda kumtazama. Nilimkuta amekaa barazani, mkono wake mmoja umelala mapajani. Mkewe alikuwa amekopa mara mbili, na sehemu kubwa ya mshahara wake ilikwisha kukatwa kabla haujamfikia. Kijana wao alikuwa ameacha chuo kwa muda kwa kukosa ada. Nikamwuliza yule baba, "Kazini walikulipa nini tangu uugue?" Akanijibu taratibu, "Mwezi wa kwanza walinilipa. Baada ya hapo ofisa akaniambia, Mama watoto si anafanya kazi? Utakula wa kwake mpaka upone. Nami nikaona amesema kweli."

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma, kwa maana yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa yamesemwa mara mbili: mara moja katika ofisi ya mwajiri, na mara moja katika meza ya kamati ya Kanisa. Lakini nilipoyatafakari niliona kwamba hayakuwa na uzito mmoja. Kamati ilikuwa ikigawa sadaka, nayo ilikuwa na wajibu wa kuuliza nani ana shida zaidi, ijapokuwa iliuliza kwa haraka na ikajibu vibaya. Mwajiri alikuwa na deni. Mwenye deni hana ruhusa ya kuuliza kama anayemdai ana chakula nyumbani. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa.

Hilo ndilo neno ninalotaka mwondoke nalo leo. Mengine yote yanalifafanua.

1. Mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Kuna haki inayotokana na kazi, na kuna msaada unaotokana na uhitaji. Haki inayotokana na kazi ni ya mtu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyetoa jasho, au ndiye ambaye michango ililipwa kwa jina lake. Katika haki hiyo haiulizwi kama mume ni tajiri au mke ana duka. Msaada unaotokana na uhitaji hutolewa kwa kaya nzima, kwa hiyo hupimwa kwa kuangalia kila kinachoingia katika nyumba hiyo, pamoja na mshahara wa mwenzi.

Tukiyachanganya mambo haya tunafanya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumnyima mgonjwa kilicho chake kwa kisingizio cha mwenzi wake. Kosa la pili ni kudai msaada wa maskini huku tukificha mshahara uliomo nyumbani. Yote mawili ni dhuluma.

2. Likizo ya ugonjwa

Kwa Tanzania Bara, haki ya kwanza imewekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo, kama ilivyotungwa, kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa likizo, yaani miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Kwa kawaida haki hii ni ya mfanyakazi aliyekwisha kutimiza miezi sita ya utumishi. Yule anayeajiriwa na mwajiri huyo huyo zaidi ya mara moja katika mwaka naye huipata ikiwa jumla ya muda aliofanya kazi mwaka huo imezidi miezi sita.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria hiyo inataja hali mbili tu ambazo mwajiri hawajibiki kumlipa mgonjwa. Ya kwanza ni pale mfanyakazi anaposhindwa kuleta cheti cha daktari. Ya pili ni pale anapostahili kulipwa likizo hiyo ya ugonjwa kwa sheria nyingine, kwa mfuko fulani au kwa makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi na mwajiri, ili asilipwe mara mbili kwa siku zile zile. Someni orodha hiyo tangu mwanzo hata mwisho, hamtakuta neno mume wala neno mke. Mshahara wa mwenzi si mfuko, si sheria, wala si makubaliano ya pamoja.

Turudi kwa yule fundi mitambo. Alilipwa siku 30 tu. Alikuwa bado anadai siku 33 za mshahara kamili na siku 63 za nusu mshahara. Ukijumlisha, ni zaidi ya mshahara wa miezi miwili. Fedha hiyo ingetosha kumfanya mkewe asiingie katika mkopo wa pili.

Siku 126 zinapokwisha, mfanyakazi hageuki kuwa kitu cha kutupwa. Mwajiri anayetaka kumwachisha kazi kwa sababu ya afya sharti awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki: aangalie ugonjwa ni wa namna gani na utachukua muda gani, ashauriane na mfanyakazi, na atafakari kama kuna kazi nyepesi anayoweza kumpa. Barua ya siku moja inayosema "umekuwa mgonjwa mno, kazi imekwisha" si utaratibu.

3. Ikiwa ugonjwa umetokana na kazi

Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa unaosababishwa na kazi yake, kuna mlango mwingine, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huu uliwekwa na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, ukaanza kazi mwezi Julai 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, na mfanyakazi hapaswi kukatwa hata senti. Mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa muda kwa sababu ya jeraha hilo hulipwa asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Hapa pia haulizwi mwenzi wake anapata nini.

Tatizo letu ni ukimya. Kijana anaanguka kutoka juu ya jengo, anapelekwa hospitali, na karatasi ya kwanza inaandikwa "ameanguka", bila kutaja kwamba alikuwa kazini. Miezi inapita. Taarifa ya ajali ikikaa zaidi ya miezi 12 bila kufikishwa panapohusika, haki yenyewe inaweza kupotea. Kwa hiyo siku ile ile ya ajali mwambieni daktari ukweli wote, na mpelekeeni mwajiri taarifa ya maandishi.

4. Ikiwa nguvu hazirudi

Kuna wagonjwa ambao hawatarudi kazini tena. Nchi yetu ilianza na Akiba ya Wafanyakazi mwaka 1964, ambayo kwa sheria ya mwaka 1997 iligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Tangu mabadiliko ya mwaka 2018, watumishi wa umma wana mfuko wao, PSSSF, na NSSF imebaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe. Kati ya mafao ya mifuko hii imo pensheni ya ulemavu kwa mwanachama aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kabla ya umri wa kustaafu. Inayopimwa ni hali yake ya kiafya kwa uthibitisho wa kitabibu, na miezi aliyochangia. Ndoa yake haipimwi.

Ndiyo maana nawasihi mfuatilie michango yenu mkiwa bado wazima. Wako waajiri wanaomkata mfanyakazi kila mwezi na fedha isifike kwenye mfuko. Mfanyakazi huja kugundua siku ile anapokwenda na magongo kudai pensheni. Ombeni taarifa ya michango walau mara moja kwa mwaka. Nanyi mama lishe, mafundi na waendesha bodaboda, ambao hamna mwajiri wa kuwalipa mkiugua, jueni kwamba mnaweza kujiandikisha na kuchangia kwa hiari.

5. Wajibu wa mume na mke

Wengine watauliza: je, ndoa si kubebana? Naam, ni kubebana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe. Tena inasema kwamba mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza mumewe, ikiwa mume ameshindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au ya akili. Basi yule mwalimu aliyembeba mumewe alitimiza wajibu wake mbele ya Mungu na mbele ya sheria.

Lakini wajibu wa mke hauondoi deni la mwajiri. Jirani akikulisha usiku, aliyekopa debe lako la mahindi bado hajalirudisha. Mwajiri anayejificha nyuma ya mshahara wa mke wa mfanyakazi wake anamfanya mwanamke huyo alipe deni asilokopa.

Na jambo hili humwumiza mwanamke kwa namna ya pili. Mke anapougua yeye, husikia neno lile lile limegeuzwa: "Una mume, unahangaikia nini?" Huchukuliwa kana kwamba kazi yake ilikuwa ya kupoteza muda na mshahara wake wa kununulia chumvi. Sheria ya mwaka 2004 haijui mshahara wa baba na mshahara wa mama, inamjua mfanyakazi. Siku 126 za mama ni sawa na siku 126 za baba.

Viongozi wa Kanisa waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, alizungumzia mifuko ya kuwasaidia wakati wa ajali, ugonjwa na uzee. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, aliiweka huduma ya afya na bima ya ajali na uzee miongoni mwa haki za mfanyakazi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, nayo inataja haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ibara hiyo ni mwongozo kwa Serikali na haiwezi kudaiwa mahakamani yenyewe peke yake. Kwa sababu hiyo, sheria za kazi nilizozitaja ni ngao ya mnyonge.

6. Mahali ambapo mshahara wa mwenzi huulizwa

Sasa nije upande wa pili, nisije nikaeleweka vibaya. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF huangalia kaya. Majina hupendekezwa na jamii yenyewe katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hali ya kaya huhojiwa na kupimwa. Humo mshahara wa mwenzi ni sehemu ya hali ya nyumba, na kuuficha ni kumpokonya mjane asiye na mtu. Vivyo hivyo katika mfuko wa huruma wa parokia.

Lakini hata hapo tuulize kwa akili. Swali halikomi kwenye "Je, mwenzi wake ana mshahara?" Tuulize pia: baada ya makato ya mikopo, dawa, nauli ya hospitali na kumlipa mtu wa kumhudumia mgonjwa mchana, nyumba hiyo imebaki na nini? Kamati yetu haikuuliza. Tuliangalia cheo cha mke tukadhani tumeona chungu chake.

Na mgonjwa naye awe mkweli. Asichukue cheti cha daktari ili akasimamie shamba lake au biashara yake. Anayefanya hivyo huwatilia shaka wagonjwa wote watakaokuja nyuma yake.

7. La kufanya

Kwanza, mgonjwa au ndugu yake amjulishe mwajiri mapema, na cheti cha daktari kifikishwe kazini. Hifadhini nakala ya kila karatasi, na mwombe aliyepokea atie sahihi.

Pili, mkijibiwa kwamba mwenzi anafanya kazi, ombeni jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi anayelisema kwa mdomo huogopa kuliandika.

Tatu, mwoneni kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na ofisi ya kazi iliyo karibu. Ikishindikana, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalieni siku: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake, na madai mengine ya kazi yana siku 60. Aliyechelewa kwa sababu nzito, kama kulazwa hospitali, anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini asilale.

Nne, viongozi wa jumuiya, mnapomtembelea mgonjwa, baada ya sala mwulizeni kwa upole kama analipwa kazini. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na mficha madeni vivyo hivyo.

Tano, tujitazame sisi wenyewe. Sheria hii haiwahusu wenye viwanda peke yao. Msichana anayetusaidia kazi za nyumbani ni mfanyakazi. Mlinzi wa parokia ni mfanyakazi. Mpishi wa shule yetu ni mfanyakazi. Je, mlinzi wetu alipougua malaria kali tulimlipa, au tulimwambia kwamba mkewe anauza vitumbua?

Hitimisho

Mtapenda kujua habari ya yule fundi mitambo. Tulimsindikiza yeye na mkewe kupeleka shauri, kwa kuomba kwanza kuongezewa muda kwa sababu ya ugonjwa wake. Mbele ya msuluhishi mwajiri alikubali kulipa zile siku zilizobaki. Baadaye alianza kufuatilia pensheni ya ulemavu. Lakini riba ambayo mkewe alikuwa amelipa kwa wakopeshaji hakuna aliyeirudisha, na mwaka ambao kijana wao aliupoteza chuoni haukurudi. Haki iliyocheleweshwa ilifika ikiwa imepungua.

Siku ile tulipotoka katika usuluhishi, mkewe aliniambia neno moja ambalo nimelitunza. Alisema, "Mimi sikuchoka kumlisha mume wangu. Nilichoka kusikia kwamba mshahara wangu ndiyo sababu ya yeye kunyimwa wake."

Ndugu zangu, tusiwe tena sisi wa kusema neno lile. 

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mgonjwa aliyeacha kudai malipo yake kwa sababu mwenzi wake anafanya kazi? Tutamsaidiaje wiki hii?

2. Kamati yetu ya huruma hutumia vipimo gani inapochagua wa kusaidiwa? Je, inatazama cheo au inatazama hali halisi ya nyumba?

3. Tunawatendeaje watu tuliowaajiri sisi wenyewe, nyumbani na parokiani, wanapougua?